Je, kisiwa cha Ireland kiwe na timu moja ya taifa ya soka?

Swali kutoka kwa Mwalimu wa Historia, Mombasa

Ndugu zangu wapenzi wa kandanda, ninawasalimu nyote. Nimekuja na swali nililoulizwa na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, ambalo nililijibu nusu nusu na kutoka darasani nikiwa sijaridhika na jibu langu mwenyewe. Tulikuwa tukijifunza jinsi kisiwa cha Ireland kilivyogawanywa mwaka 1921, kaunti 6 za kaskazini-mashariki zikabaki ndani ya dola ya Uingereza, na kaunti 26 zilizosalia zikaanza safari iliyozifikisha kuwa Jamhuri ya Ireland. Mwanafunzi mmoja anayependa raga akanyosha mkono na kuuliza ni kwa nini, ikiwa kisiwa kimegawanyika hivyo, yeye huiona timu moja tu ya Ireland katika Kombe la Dunia la raga, ilhali katika soka huziona timu mbili, moja ikiitwa Jamhuri ya Ireland na nyingine Ireland Kaskazini. Mwenzake akaongeza: je, si ingekuwa bora waungane?

Mimi binafsi ninaelekea kukubaliana na huyo wa pili. Kisiwa kizima kina watu wapatao milioni 7, takriban milioni 5.1 kusini na milioni 1.9 kaskazini, na hakuna upande unaoweza kutoa wachezaji wa kiwango cha juu kila kizazi bila kukauka. Ireland Kaskazini ilicheza fainali za Kombe la Dunia mwaka 1958, 1982 na 1986. Jamhuri ikacheza mwaka 1990, 1994 na 2002. Maana yake ni kwamba kila upande mmoja ulipokuwa na kikosi kilichokomaa, upande wa pili ulibaki kutazama. George Best, mzaliwa wa Belfast ambaye wengi humhesabu miongoni mwa wachezaji bora kabisa waliowahi kutokea Ulaya, hakucheza hata dakika moja ya fainali za Kombe la Dunia.

Hata hivyo, niko mbali na mahali penyewe, na ninajua kwamba mambo ya watu hayapimwi kwa idadi ya wachezaji peke yake. Ninamwomba mwenye kujua anifahamishe: ni nini hasa kilichowatenganisha katika soka kisiwatenganishe katika raga, na je, ni haki kuwataka waungane?

Jibu kutoka kwa Msomaji wa historia ya michezo, Nairobi

Mwalimu, swali lako lina sehemu mbili, na ile ya kwanza ina jibu ambalo huwashangaza wengi. Soka ya Ireland haikugawanywa na wanasiasa. Iligawanywa na watu wa soka wenyewe, na ugomvi wao ulikuwa na umri mrefu kuliko mpaka.

Chama cha Soka cha Ireland, kinachojulikana kwa herufi IFA, kiliundwa Belfast mwaka 1880 na kwa miaka 40 kikausimamia mchezo katika kisiwa chote. Soka ilistawi zaidi Belfast, mji wa viwanda vya kitani na karakana za kuunda meli, ulio jirani na Scotland. Dublin ilifuata nyuma, na klabu zake zikalalamika mwaka baada ya mwaka kwamba wateuzi wa timu ya taifa wanawapendelea wachezaji wa Belfast, na kwamba mechi nyingi za kimataifa zinachezewa huko huko. Kilichoukata uzi kilikuwa nusu fainali ya Kombe la Ireland ya mwaka 1921. Shelbourne ya Dublin ilisafiri hadi Belfast, ikatoka sare na Glenavon, na kwa desturi ikatarajia kwamba marudiano yatachezwa Dublin. IFA ikaamuru yachezwe Belfast tena. Hiyo ilikuwa miezi ya vita vya kudai uhuru, wakati ambapo safari ya kwenda kaskazini haikuwa jambo dogo. Shelbourne ikakataa, na mwishowe kombe likaenda kwa Glentoran. Kabla ya mwaka huo kwisha, watu wa Dublin walikwisha kuanzisha chama chao, FAI, nacho kikatambuliwa na FIFA mwaka 1923.

Raga haikuwa na donda la namna hiyo. Chama chake kiliundwa mwaka 1879 kwa kuunganisha makundi mawili, la Dublin na la Belfast, yaliyokubaliana kufanya kazi pamoja, na wachezaji wake walitoka katika shule na vyuo vikuu vya tabaka moja, wakifahamiana tangu ujana. Mpaka ulipochorwa, haukukuta kinyongo cha kukikuza. Ndiyo maana hadi leo mikoa minne ya jadi, yaani Ulster, Leinster, Munster na Connacht, huleta wachezaji wake katika kikosi kimoja. Kriketi ni hivyo hivyo, na mpira wa magongo pia: wanawake wa Ireland waliofika fainali ya Kombe la Dunia la mpira wa magongo mwaka 2018 walitoka pande zote mbili.

Jambo ambalo wanafunzi wako watalipenda ni hili. Baada ya kutengana, vyama vyote viwili viliendelea kuiita timu yake "Ireland", na vyote viwili viliendelea kuteua wachezaji kutoka kisiwa kizima. Mwezi Septemba mwaka 1946, England ilicheza Belfast na "Ireland" ya kaskazini, na siku mbili baadaye ikacheza Dublin na "Ireland" ya kusini. Johnny Carey na Bill Gorman walizicheza mechi zote mbili. Katika kufuzu kwa Kombe la Dunia la mwaka 1950, wachezaji wanne waliziwakilisha timu zote mbili katika mashindano yale yale. FIFA ilipoona hivyo ikaingilia kati, na mwaka 1953 ikaamua majina tunayoyatumia sasa.

Kuhusu sehemu ya pili, mimi ninaunga mkono timu moja, tena kwa moyo wote. Tarehe 3 Julai 1973, wakati mabomu yalipokuwa yakilipuka Belfast na familia zikihamishwa mitaani mwao kwa sababu ya dini, Johnny Giles wa Dublin na Derek Dougan wa Belfast mashariki walikusanya wachezaji wa pande zote mbili wakaingia uwanja wa Lansdowne Road kucheza na Brazil, waliokuwa mabingwa wa dunia. Hawakuruhusiwa kutumia jina la Ireland, kwa hiyo walivaa jina la klabu ya Shamrock Rovers. Walifungwa mabao 4 kwa 3, nayo mabao yao yalifungwa na Martin O'Neill, Terry Conroy na Dougan mwenyewe. Ikiwa jambo hilo liliwezekana katika mwaka mmojawapo wa miaka iliyomwaga damu nyingi, sioni kwa nini lisiwezekane leo, ambapo mtu anaweza kuendesha gari kutoka Dublin hadi Belfast bila kusimamishwa na askari hata mmoja.

Jibu kutoka kwa Muuguzi anayeishi Belfast

Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, na nimeishi Belfast kwa miaka 14. Kaka wa Nairobi ameieleza historia vizuri kuliko ambavyo ningeweza, lakini pale alipofikia uamuzi ninalazimika kutofautiana naye, kwa sababu ninaishi katika mtaa ambao timu hiyo ingefutiwa jina.

Jirani yangu ni mzee mstaafu, Mprotestanti, anayejihesabu kuwa Mwingereza na pia mtu wa Ireland Kaskazini. Mwaka 1982 alikuwa Valencia usiku ule Gerry Armstrong alipoifunga Hispania, wenyeji wa mashindano, bao moja lililotosha, huku Ireland Kaskazini ikimaliza mechi ikiwa na wachezaji 10. Anapoeleza habari za usiku huo huanza kwa kuwataja waliokuwa uwanjani, na katika orodha hiyo nahodha alikuwa Martin O'Neill, kipa alikuwa Pat Jennings, na Armstrong mwenyewe aliyefunga bao, wote watatu wakiwa Wakatoliki, ambao wengi wao hapa hujihesabu Waairishi. Kwake yeye timu hiyo haikuwa ya upande mmoja. Kulikuwa na miaka ambayo ilikuwa karibu kitu pekee cha pamoja kilichobaki katika mji wenye kuta zinazotenganisha mitaa. Ukimwambia sasa kwamba timu hiyo ni kosa la mwaka 1921 linalopaswa kusahihishwa, unamwambia kwamba usiku wa Valencia nao ulikuwa kosa.

Sisemi kwamba mambo yamekuwa safi wakati wote. Ningekuwa ninadanganya. Mwaka 1993, tarehe 17 Novemba, Jamhuri ilipokuja uwanja wa Windsor Park kutafuta tiketi ya kwenda Kombe la Dunia huko Marekani, wiki chache tu baada ya mauaji ya Shankill na Greysteel, watu waliokuwapo wanasema hawajawahi kuona chuki kama ile katika mechi ya mpira. Mwaka 2002, Neil Lennon, Mkatoliki aliyekuwa akichezea Celtic, alipangwa kuwa nahodha katika mechi dhidi ya Cyprus. Simu ya kutishia uhai wake ikapigwa, akajiondoa kikosini na hakuichezea tena timu hiyo. Hiyo ni aibu ambayo mashabiki wa hapa wenyewe huitaja kwa uchungu. Lakini ni haki pia kusema kwamba chama na mashabiki walikuwa tayari wameanza, tangu mwaka 2000, kampeni ya kuziondoa uwanjani nyimbo za matusi ya kidini, na kazi hiyo iliendelea mpaka ikaonekana. Mimi ni mwanamke Mwislamu mwenye ngozi nyeusi, na ninaketi Windsor Park na binti yangu bila woga. Wimbo wa taifa wa Uingereza ungali unapigwa kabla ya mechi, na Wakatoliki wengi hawaupendi. Hilo ni tatizo la kweli na ninadhani litapaswa kutatuliwa. Ila kulitatua si lazima kuwe kuifuta timu.

Tena, ndugu zangu, kuna njia ambayo tayari ipo na ambayo watu wa mbali huisahau. Mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998 unampa kila aliyezaliwa hapa haki ya kujihesabu Mwairishi, Mwingereza au vyote viwili, na kuwa na uraia wa nchi zote mbili. Haki hiyo imeingia hadi uwanjani. IFA ilipopinga mchezaji mzaliwa wa kaskazini kuichezea Jamhuri, Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo iliamua mwaka 2010 kwamba mchezaji wa namna hiyo ana ruhusa. James McClean alizaliwa Derry, akachezea vijana wa Ireland Kaskazini, kisha akachagua Jamhuri na kuichezea zaidi ya mechi 100. IFA huumia kuwalea vijana na kuwaona wakiondoka, na ninawaelewa. Lakini kijana anayejiona Mwairishi ana timu yake, na kijana anayejiona mtu wa kaskazini ana timu yake. Mkiziunganisha, ni yupi kati yao atakayekuwa amepata kitu ambacho leo hana?

Na kuna jambo la wasichana, ambalo kwangu ni zito. Mwaka 2022 wanawake wa Ireland Kaskazini walicheza fainali za Ulaya kwa mara ya kwanza, wengi wao wakiwa na kazi nyingine za kuwalisha. Mwaka uliofuata wanawake wa Jamhuri wakacheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, huko Australia, na Katie McCabe akafunga dhidi ya Kanada kwa mpira wa kona uliojipinda hadi wavuni. Timu mbili zimefungua milango miwili. Katika timu moja kuna nafasi 11 tu uwanjani, na ninaogopa kwamba wasichana wa huku, ambako wachezaji ni wachache, wangebaki benchi au nyumbani.

Jibu kutoka kwa Mchangiaji wa Unguja

Assalaam aleikum, maalim, na dada yangu wa Belfast. Nilikuwa nimekusudia kusoma tu na kupita, lakini maneno ya dada kuhusu timu kufutiwa jina yamenigusa mahali panapouma, kwa hiyo nitasema kidogo kutoka kisiwani kwetu. Sisemi haya ili kuleta mjadala wa Muungano, ambao una mahali pake.

Sisi tumekaa upande wa pili wa swali hili. Mwezi Machi mwaka 2017, Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama wake wa 55. Watu walitoka mitaani kushangilia. Mwezi Julai mwaka huo huo uanachama ukaondolewa, kwa maelezo kwamba haiwezekani nchi moja kuwa na vyama viwili. Desemba ikafika, Zanzibar Heroes wakaenda Kenya kucheza Kombe la Chalenji la CECAFA, wakaifunga Tanzania Bara, wakaifunga Uganda katika nusu fainali, na fainali wakaipoteza kwa mikwaju ya penalti mbele ya wenyeji. Waliporejea walipokewa kama mabingwa. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama juani siku ile, na sijaona umati wa namna ile tena.

Sasa tazameni jinsi mizani inavyolala. Nadir Haroub, maarufu kwa jina la Cannavaro, aliichezea Zanzibar na pia alikuwa nahodha wa Taifa Stars. Feisal Salum alikuwamo katika kikosi kile cha mwaka 2017, na tunamshangilia vivyo hivyo anapovaa jezi ya Tanzania. Kwa hiyo mtu anaweza kabisa kuwa na mapenzi na timu mbili, kama wale wachezaji wa mwaka 1946 aliowataja ndugu yetu wa Nairobi. Sisi hatukuwahi kusema kwamba Taifa Stars si yetu. Tulichokuwa tukikiomba ni kuwa na nafasi yetu pia katika ratiba ya Afrika, na kuikosa tumeihisi vizuri sana. Ireland Kaskazini inayo nafasi hiyo katika ratiba ya Ulaya na ya dunia. Mwenye kuwashauri waiache kwa hiari yao, ajue kwamba kitu anachowaomba wakitoe hakirudishwi kwa urahisi kikishatolewa.

Nitaongeza jambo moja la kiutawala, kwa kuwa katika mambo haya viti vina uzito kuliko nyimbo. Sheria za soka hutungwa na bodi inayoitwa IFAB, iliyoanzishwa mwaka 1886. FIFA ina kura 4 humo, na kura 4 nyingine zinagawanywa moja moja kwa England, Scotland, Wales na Ireland Kaskazini. Mabadiliko yoyote yanahitaji kura 6. Yaani chama cha eneo lenye watu wasiofika milioni 2 kina kura katika bodi ambayo Brazil, Ujerumani na Afrika nzima hazina kiti chao wenyewe. Mkwaju wa penalti, uliotutoa machozi mwaka 2017, ulibuniwa na kipa wa kutoka kaunti ya Armagh, William McCrum, ukapelekwa katika bodi hiyo na IFA, na kukubaliwa mwaka 1891. Mazungumzo ya kuviunganisha vyama viwili mwaka 1932 yalifika karibu na makubaliano, kisha yakavunjikia hapo hapo, kwenye madai ya Dublin ya kupata sehemu ya uwakilishi katika bodi hiyo. Ndugu wa Nairobi hakuligusa hilo, nami ninadhani ndilo fundo gumu kuliko bendera.

Jibu la pili kutoka kwa Msomaji wa historia ya michezo, Nairobi

Ninakiri kwamba suala la kura ya IFAB nililipita, na ndugu wa Unguja amefanya vizuri kulileta. Chama kipya cha kisiwa kizima kisingekuwa chama cha Uingereza tena, na sioni jinsi kingeachiwa kura hiyo bila mzozo.

Hata hivyo, siwezi kukubali kwamba nafasi mbili ni bora siku zote kuliko moja. Mwaka 2016 timu zote mbili zilifuzu fainali za Ulaya nchini Ufaransa, na zote mbili zikatolewa katika hatua ya 16 bora, kila moja kwa tofauti ya bao moja: Ireland Kaskazini ilifungwa na Wales kwa bao la kujifunga, na Jamhuri ikafungwa na Ufaransa 2 kwa 1 baada ya kutangulia. Kocha wa Jamhuri alikuwa Martin O'Neill yule yule, nahodha wa Valencia na mfungaji wa mwaka 1973. Mtu mmoja amebeba katika maisha yake timu zote tatu, ile ya kaskazini, ile ya kusini, na ile iliyocheza usiku mmoja tu. Ninapomfikiria, ninaona kwamba umoja huu si ndoto ya watu wa mbali. George Best naye alizungumza waziwazi kutaka timu moja, naye alilelewa katika mtaa wa Kiprotestanti wa Belfast mashariki.

Pamoja na hayo, hoja ya dada kuhusu ridhaa imenishinda, na ni afadhali niseme hivyo kuliko kuzunguka. Ninakumbuka mfano wa Cyprus. Klabu za Waturuki wa kisiwa hicho zilicheza ligi moja na klabu za Wagiriki hadi mwaka 1955, zikatoka, na chama walichokiunda hakikupata uanachama wa FIFA. Mwezi Novemba mwaka 2013 viongozi wa vyama vyote viwili walitia saini mjini Zurich, mbele ya wakuu wa FIFA na UEFA, makubaliano ya kuirejesha soka ya kaskazini ndani ya chama kimoja. Yalibaki karatasini. Viongozi walitangulia na watu wao wakabaki nyuma. Mkataba wa mwaka 1998 unasema kwamba hata nchi yenyewe ya Ireland haiwezi kuunganishwa bila ridhaa ya walio wengi kaskazini, na sasa ninaona kwamba haifai soka iwe na masharti mepesi kuliko hayo.

Kwa hiyo ninarudi hatua moja. Kuanzia mwaka 2005 hadi 2014 kulikuwa na Kombe la Setanta, lililozikutanisha klabu za ligi mbili za kisiwa. Derry City, ambayo mji wake uko kaskazini, imekuwa ikicheza katika ligi ya kusini tangu mwaka 1985, baada ya kukosa pa kucheza katika ligi ya kaskazini kwa zaidi ya miaka 10. Waanze na klabu. Walirudishe kombe, walitengee fedha za kutosha na tarehe zisizogongana na ligi, watu wazoee kusafiri Ijumaa jioni kwenda kuangalia mpira upande wa pili na kurudi salama. Timu ya taifa ingoje.

Mwalimu wa Historia, Mombasa

Ndugu zangu, mmenifundisha. Nilikuja nikidhani kwamba umoja ni jibu ambalo halihitaji kuulizwa mara mbili, na sasa ninaona kwamba katika swali la mwanafunzi wangu kulikuwa na neno moja nililolipita, nalo ni "bora": bora kwa nani? Raga waliurithi umoja wao kabla ya mpaka, hawakulazimika kuuomba kwa mtu. Tena hata wao walipaswa kuulinda, kwa maana nimesoma kwamba tangu mwaka 1995 timu ya raga hutumia wimbo uliotungwa kwa ajili yake, na inapocheza ugenini huo ndio pekee unaopigwa, ili mchezaji wa Ulster asisimamishwe mbele ya wimbo wa nchi asiyoihesabu yake. Wanafunzi wangu nitawaeleza hivyo.

Ila nina swali moja la mwisho kwa dada wa Belfast. Tuseme vyama vyote viwili vimekubaliana, wimbo mpya umetungwa, nusu ya mechi za nyumbani zimehakikishiwa Windsor Park, na kila upande unapigiwa kura kivyake. Jirani yako, yule mzee wa Valencia, angesemaje?

Muuguzi anayeishi Belfast

Mwalimu, sikutaka kumsemea mzee wa watu, kwa hiyo jana jioni nilibisha hodi kwake nikamuuliza kama ulivyoandika, neno kwa neno, pamoja na habari ya wimbo na uwanja.

Hakukasirika, kama nilivyokuwa nikihofia. Alinikaribisha, akazima runinga, akafikiri kwa muda mrefu. Aliniambia kwamba wimbo haumsumbui, kwa sababu yeye ni shabiki wa raga ya Ulster pia, na alikuwa Dublin mwezi Januari mwaka 1999 Ulster ilipotwaa Kombe la Ulaya, akawaona watu wa kusini wakiishangilia Ulster kama timu yao. Jezi nayo haimsumbui, kwa kuwa zote mbili ni za kijani. Kisha akaniuliza kama katika timu hiyo mpya Valencia itahesabiwa. Kumbukumbu za chama kipya zingeanzia wapi, kwa timu ya Belfast, kwa timu ya Dublin, au kwa mwaka wa kuungana? Nikamwambia kwamba sijui, na kwamba sidhani kama kuna mtu aliyelifikiria hilo. Akasema kwamba basi wakishalifikiria wamrudie, naye atawapa jibu lake.

Binti yangu alikuwa amekaa pembeni akisikiliza. Ana miaka 13 na ni kiungo wa kulia. Alisema kwamba yeye angechezea timu yoyote itakayomwita, ilimradi imwite. Mzee akacheka na kumwambia kwamba hilo ni jibu la mtu ambaye bado hajapata kupoteza mechi iliyomuuma.

Jumamosi ninampeleka Dundalk, upande wa pili wa mpaka, ambako timu yao ina mechi ya kirafiki na wasichana wa huko. Ni mwendo wa saa moja hivi kwa gari. Mzee ameomba kiti cha mbele.